Mgeni wa Kujitolea: Siku ya Tatu Mpe Jembe, Lakini Jembe Lipi?

(Mazungumzo na viongozi wa vijana, kina mama na kamati za maendeleo za parokia kutoka Migori na Homa Bay. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa.)



Wazee wetu, kina mama, makatekista, na ninyi vijana: asanteni kwa kuja, hasa ninyi mliotoka Nyatike na Karachuonyo kwa zile barabara tunazozijua sote. Hatutawachosha. Tumeombwa kusema juu ya vijana wa kujitolea. Kuna wale wanaotoka ng'ambo kuja kwetu kusaidia katika kazi ya kujikinga na mafuriko na mabadiliko ya hali ya hewa. Na kuna wa kwetu wanaotaka kwenda ng'ambo kufanya kazi ya namna hiyo hiyo.

Tukipita parokiani tunakutana na maswali mawili. Kamati zinauliza: "Tumeambiwa kuna vijana wa Ulaya wanataka kuja kwa miezi miwili. Tuwakubali?" Na vijana wanauliza: "Mbona wao wanakuja na sisi hatuendi?" Maswali yote mawili ni ya haki na tutayajibu. Lakini sharti tuanze na maji yenyewe, maana maji ndiyo yanayomleta mgeni huyu.

MAJI YETU TUNAYAJUA?

Jimbo letu la Homa Bay, tangu lilipoundwa mwaka 1993, linashika kaunti zote mbili, Homa Bay na Migori. Katika eneo hili maji hutujia kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni mito. Mto Kuja unatoka milima ya Kisii na Nyamira. Mto Migori unatoka upande wa Transmara. Inakutana, inashuka Nyatike na kuingia ziwani. Watu wa Kabuto, Nyora na Angugo wanalijua jambo hili kwa uchungu: mvua inanyesha Kisii, kwako jua linawaka, na usiku maji yanakukuta umelala. Upande wa Karachuonyo, mto Sondu Miriu unawafanyia watu wa Osodo vivyo hivyo. Mvua yake inanyesha mbali, upande wa Kericho, na wao ndio wanaolipa.

Njia ya pili ni ziwa. Wazee walio hapa wanakumbuka mvua za 1961. Kufika 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili. Mvua kubwa za mwisho wa 2019 zikalipandisha tena, na Mei 2020 likapita kipimo cha 1964. Mei 2024 likapita hata kile cha 2020. Mwaka huo wa 2024, kati ya Machi na Mei, mafuriko yaliua karibu watu 300 katika Kenya nzima. Na watafiti waliochunguza kupanda kwa ziwa mwaka 2020 walieleza mwaka 2024 kwamba joto ambalo binadamu ameongeza duniani limeufanya upandaji wa namna ile uwezekane karibu mara mbili kuliko zamani.

Miaka hii tunaitaja kwa sababu. Kutoka 1964 hadi 2020 ni miaka 56. Mtu aliweza kulima ukingoni karibu maisha yake yote asione ziwa likirudi kudai shamba lake. Kutoka 2020 hadi 2024 ni miaka minne tu. Mtoto aliyebebwa mgongoni kukimbia maji ya kwanza, maji ya pili aliyakimbia kwa miguu yake mwenyewe. Basi yale mazoea ya kusema "yamepita, turudi tukalime" hayatoshi tena.

NANI HUOKOA KWANZA?

Sasa tuulizane. Maji yakija saa nane za usiku, nani atakutoa ndani ya nyumba? Serikali ya kaunti iko mbali. Msalaba Mwekundu wanafanya kazi kubwa, na wengi wao ni watu wa kujitolea, lakini nao watafika asubuhi, kama barabara bado ipo. Usiku ule atakayekutoa ni jirani yako.

Msidhani ni kwa sababu sisi ni maskini. Tutazame Bangladesh. Novemba 1970 kimbunga kiliingia kutoka baharini kikaua watu wasiopungua 300,000. Baada ya msiba huo serikali na Msalaba Mwekundu walianzisha mpango wa wajitoleaji wa vijijini. Kila mmoja ana nyumba zake anazozijua. Anapewa bendera ya onyo na kipaza sauti cha mkononi. Habari ikifika kwa redio, anatoka kugonga milango. Leo wajitoleaji hao ni zaidi ya 70,000, na karibu nusu ni wanawake. Mei 2020 kimbunga kikubwa kiitwacho Amphan kilipopiga pwani ile, Bangladesh ilipoteza watu wasiofika 50. Kila kifo ni msiba, lakini tazameni tofauti. Utabiri ulikuwa umeboreka na majengo ya kukimbilia yalikuwa yamejengwa, ndiyo. Hata hivyo jengo haligongi mlango wa mtu. Mtu ndiye anayegonga.

Tutazame na Ujerumani, nchi yenye uwezo. Julai 2021 mto Ahr na mito mingine ilifurika, wakafa zaidi ya watu 180 katika nchi ile. Utabiri ulikuwepo. Lakini onyo halikufika katika kila nyumba kwa wakati. Na waliokwenda kuokoa ni nani? Wengi walikuwa zimamoto wa kujitolea wa vijijini, na watu wa shirika la taifa la uokoaji liitwalo THW, lililoanzishwa 1950. Shirika hilo lina wajitoleaji wapatao 80,000: mafundi, walimu na wakulima ambao jioni na Jumamosi wanajifunza kuvuta pampu na kujenga daraja la muda.

Basi shikeni neno hili, maana ndilo msingi wa yote tutakayosema: mgeni hawezi kuchukua nafasi ya jirani. Anaweza kumsaidia jirani ajiandae. Ndipo thamani yake ilipo.

KIJANA WA NG'AMBO ANAPOKUJA

Kupokea wageni si jambo jipya kwetu. Wazee wengine hapa walifundishwa na walimu wa Peace Corps waliokuja Kenya tangu miaka ya 1960. Siku hizi milango ni mingi. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, una mpango uitwao European Solidarity Corps. Katika kipindi cha 2021 hadi 2027 mpango huo una sehemu ya misaada ya kibinadamu, inayopeleka vijana wa miaka 18 hadi 35 katika nchi kama yetu. Mpango unawalipia safari, malazi, chakula na bima. Sharti wafundishwe kwanza, na hawapelekwi mahali penye vita. Wengine hukaa hadi mwaka mmoja, wengine huja kikundi kwa majuma machache.

Kijana kama huyo ana la kutoa. Anaweza kuwafundisha vijana wetu kuchora ramani kwa kompyuta, kutunza hesabu za mvua, kuandika ombi la mradi likaeleweka. Ana nguvu na ana moyo. Lakini haujui Mto Kuja. Hajui Kijaluo wala Kikuria. Hajui kwamba kuna bibi pale ng'ambo ya mtaro ambaye hatatoka nyumbani kwake bila kuku wake, na kwamba ukitaka kumwokoa, uanze na kuku.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni kweli kabisa. Lakini jembe lipi, na shamba liko wapi? Ukimpa jembe bila kumwonyesha shamba, atalima popote atakapoona pazuri. Tumewahi kuona kikundi, hatutakitaja, kimepanda miche mingi kando ya mto mwezi wa Januari, kwa sababu Januari ndipo ndege yao ilipofika. Picha nzuri zilipigwa. Kisha miche mingine ikachukuliwa na jua, mingine na mbuzi. Wale vijana hawakuwa wabaya. Wenyeji walijua kwamba Januari si wakati wa kupanda, wakanyamaza ili wasimvunje mgeni moyo. Tunaiita heshima, lakini mgeni hakuheshimiwa pale. Alidanganywa kwa upole.

Papa Paulo wa Sita, katika waraka wake Populorum Progressio wa mwaka 1967, aliwaasa wataalamu wanaokwenda kusaidia nchi nyingine. Alisema wasiende kama mabwana, waende kama wasaidizi na wenzi wa kazi, maana watu hutambua upesi kama mtu amekuja kwa upendo. Aliwaambia wao. Sisi wenyeji tunaongeza nusu yetu: na tusiwafanye mabwana. Kijana wa miaka 21 akiketishwa kiti cha mbele, mwenyekiti wa kamati akasimama mlangoni, kosa si la kijana.

Kwa hiyo, kamati ikiulizwa "mtawakubali?", ijibu: "Ndiyo, kwa masharti haya."

(a) Kazi iandikwe na kamati kabla mgeni hajapanda ndege. Msiandike "kusaidia jamii". Andikeni, kwa mfano, "kuchora ramani ya nyumba zote zilizofikiwa na maji mwaka 2024, kijiji kwa kijiji". Tarehe nazo zifuate mvua zetu.

(b) Kila mgeni awe na mwenzake wa hapa, msichana au mvulana, wanayefanya naye kazi moja. Daftari libaki kwa huyo wa hapa. Na kama mgeni analipiwa nauli na chakula cha mchana, mwenzake naye alipiwe. Si haki wawili wachoke sawa, mmoja ale na mwingine amtazame.

(c) Mgeni asichukue kibarua cha mtu. Kuchimba mtaro, kufyatua matofali na kujenga ukuta wa kuzuia maji ni kazi ambazo vijana wetu wanaziweza na wanazihitaji.

(d) Watoto walindwe. Mgeni asiachwe peke yake na watoto, na picha ya mtoto isipigwe bila ruhusa ya mzazi. Sharti hili linatuhusu sisi wenyeji vilevile.

(e) Karatasi ziwe sawa. Hata kazi isiyo na mshahara ni kazi. Shirika linalomleta liulize Idara ya Uhamiaji ni kibali gani kinachofaa, wala parokia isiandike barua ya uongo kwamba ni mtalii.

(f) Mafuriko yakija, mgeni asitumwe majini. Hajui mkondo ulipo. Apewe kazi ya kuandikisha watu na kugawa maji safi.

Mnaikumbuka habari ya Msamaria mwema. Kila mara tunamsifu yule mpita njia, na anastahili. Lakini alikaa usiku mmoja, akalipa, akaenda zake. Aliyebaki na mgonjwa hadi akapona ni mwenye nyumba ya wageni, ambaye hata hatumhubiri. Katika kazi hii mwenye nyumba ya wageni ni ninyi.

KIJANA WETU ANAPOTOKA

Tuje kwenu vijana. Mnauliza mbona ninyi hamwendi. Njia zipo, ingawa ni nyembamba. Ujerumani ilianzisha mpango wa weltwärts mwaka 2008 kupeleka vijana wake nje. Baadaye ikafungua na njia ya kurudi, ili vijana wa nchi zetu nao waende kujitolea kule. Norway ina mpango wa kubadilishana wafanyakazi, zamani ukiitwa Fredskorpset na sasa Norec, ambamo watu huenda pande zote mbili. Wajitoleaji wa Umoja wa Mataifa, mpango ulioanza 1970, hutoka nchi zote. Katika njia nyingi za namna hii anayekuombea nafasi ni shirika linalokujua, kama jimbo au chama. Nafasi haiokotwi njiani.

Kwa sababu njia ni nyembamba, walaghai wamejaa. Tunawasihi wazazi wasiuze ng'ombe wala kipande cha ardhi kwa ajili ya "nafasi ya kujitolea ng'ambo". Tilieni shaka mkiona hivi: mtu anadai pesa za kushika nafasi, anataka kukaa na pasipoti yako, hakuonyeshi mkataba ulioandikwa wenye jina la mahali pa kazi, au anakuambia ukifika utabadilishiwa kazi. Kusafirisha watu kwa hila ni uhalifu chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2010. Leteni karatasi ofisini tuzisome pamoja kabla hamjatia sahihi.

Tuseme na ukweli mwingine. Kijana wa Ulaya akitaka kuja hapa, mlango unafunguka upesi. Wa kwetu akitaka kwenda kule, anaulizwa akaunti ya benki, hati ya shamba na mambo ambayo baba yake mwenyewe hana. Na huku moshi wa Kenya katika ule unaopasha dunia joto haufiki hata moja kwa mia. Anayechafua kidogo ndiye anayelowa zaidi. Kwa hiyo tunapopokea vijana na misaada kwa ajili ya mafuriko, tusijione ombaomba. Kuna deni la haki hapo, na Papa Fransisko alilieleza wazi katika Laudato Si' mwaka 2015. Tunapozungumza na mashirika rafiki, tuombe mabadilishano: wakileta wawili, nasi tupeleke angalau mmoja. Kijana wa Osodo aliyetoka majini mara mbili ana la kuwafundisha watu wa bonde la Ahr. Anajua jinsi kijiji kinavyoamshana bila umeme.

Lakini nanyi vijana tuna neno nanyi. Anayetaka kujitolea ng'ambo aanze kujitolea hapa. Kama hukuwahi kubeba mzee wa kijiji chako kumvusha mtaro, utakwenda kumsaidia nani Norway? Tunapendekeza parokia isimwandikie mtu barua kabla hajafanya kazi miezi sita na kamati yake ya maafa. Kabla ya kuondoka aseme mbele ya watu atakwenda kujifunza nini: labda jinsi zimamoto wa kijijini wanavyopanga zamu, labda jinsi kituo cha hali ya hewa kinavyotoa onyo. Akirudi, afundishe wengine mwaka mmoja. Wapo ambao hawatarudi. Hatuwezi kumfunga mtu kamba. Lakini aliyeacha kazi iliyomfaa nyumbani ana sababu ya kurudi, na aliyeondoka bila kitu anarudia nini?

KAZI YA KABLA YA MVUA

Mvua za masika huanza Machi, za vuli Oktoba. Kabla ya hapo kila kamati inaweza kufanya mambo haya, bila mgeni na bila pesa nyingi.

1. Nguzo ya kupimia maji. Simika nguzo mtoni na uipake rangi tatu: kijani, njano, nyekundu. Asiyejua kusoma naye ataielewa. Mtu mmoja aitazame asubuhi na jioni na kuandika.

2. Simu za juu ya mto. Pateni namba za makatekista na machifu walio juu, Kisii, Nyamira na Transmara. Mto unavuka mipaka ya majimbo na kaunti. Simu nayo ivuke. Wao wakiona maji yamepanda, ninyi mna saa kadhaa za kujiokoa.

3. Orodha ya nyumba. Andikeni wazee wanaoishi peke yao, wagonjwa, wajawazito na wasioweza kutembea. Kila mmoja awe na vijana wawili wanaojua kazi yao ni yeye. Jumuiya Ndogo Ndogo zinawajua watu hawa kwa majina.

4. Mahali pa kukimbilia. Kama ni kanisa au shule, nani anashika ufunguo usiku? Choo kipo? Kina mama na wasichana watalala upande gani, na taa iko wapi?

5. Mkoba wa plastiki. Kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi ya kliniki, dawa za kila siku. Mbegu zipandishwe juu.

6. Zoezi. Mara moja kabla ya mvua, usiku, kengele ipigwe na watu watembee hadi mahali pale. Mtagundua daraja bovu siku ya zoezi, badala ya siku ya maji.

Orodha na ramani zenu zipelekeni pia kwa kamati ya mabadiliko ya hali ya hewa ya wadi, maana kaunti zina fedha za kazi hiyo, na anayekuja na karatasi husikilizwa kabla ya anayekuja na malalamiko.

Mambo haya sita ndiyo shamba letu. Mgeni akija akayakuta, atajua pa kupiga jembe. Asipokuja, shamba linaendelea.

Wengi wenu mmepita pale Simbi, karibu na Kendu Bay, mkaitazama ile bwawa ya kijani. Wazee wetu husimulia kwamba palikuwa na kijiji. Bibi mgeni alikuja usiku wa mvua, waliokuwa katika karamu ya pombe wakamfukuza, na mwanamke mmoja tu akampokea. Mwanamke huyo alionywa, akaondoka na watu wake. Waliobaki wakazama. Sisi hutumia hadithi hiyo kuwafunza watoto wapokee wageni. Ni vizuri. Lakini aliyepona alifanya mambo mawili: alimfungulia mgeni mlango, tena alisikia onyo akaondoka kwa miguu yake mwenyewe. Tuyafanye yote mawili.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, maji ya 2020 na 2024 yalifika wapi? Nani anaweza kuonyesha alama?
2. Maji yakija usiku wa leo, ni nyumba gani tatu zitahitaji msaada kwanza? Nani atakwenda?
3. Kama vijana wanne wa kujitolea wangefika mwezi ujao, tungewapa kazi gani? Wenzao wa hapa wangekuwa nani?
4. Kijana wa parokia yetu akienda ng'ambo, tungependa aturudie na ujuzi gani?